Uongo Unaoishi kwa Mgongo wa Ukweli: Somo la Nzi-maua wa Kinabalu

Katika kisiwa cha Borneo, jimbo la Sabah nchini Malaysia, kuna mlima Kinabalu wenye kimo cha mita 4,095. Kwenye miteremko yake ya chini, ndani ya msitu, kila msimu wa maua hutokea jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni ngano. Nzi jike anafika kwenye ua kubwa la okidi, anazunguka hewani kidogo, anatua, anataga mayai. Mayai yakianguliwa, mabuu wanatoka kutafuta chakula. Chakula hakuna. Kilichomvuta mama yao kilikuwa pambo tu la ua, na juu ya pambo hilohilo wanakufa kwa njaa. Ua nalo limeshapata lilichotaka.

Sasa, wanachuo wenzangu, tumefundishwa tangu sekondari kwamba uteuzi asilia ni mwalimu mkali. Anayekosea hulipa kwa watoto wake. Kama ni hivyo, mbona nzi huyu bado anakosea? Makala hii inajaribu kujibu swali hilo hatua kwa hatua, ili hata msomaji wa sheria au uhasibu aliyeachana na baiolojia kidato cha nne atufuate bila shida. Jibu lenyewe lina faida hata nje ya msitu, maana linahusu namna uongo wowote unavyoweza kudumu.

WAHUSIKA WAWILI

Mhusika wa kwanza ni nzi-maua. Hilo ni jina la familia nzima, ambayo wanasayansi wanaiita Syrphidae, yenye spishi zipatazo 6,000 duniani. Usimchanganye na nzi wa jikoni. Nzi-maua aliyekomaa anakula mbochi na chavua, na ana kipaji cha kusimama hewani palepale kama helikopta, kisha akahama ghafla. Wengi wao wana mistari ya njano na nyeusi, kiasi kwamba watu wanawakimbia wakidhani ni nyigu. Wala hawana mwiba. Nguo ni za nyigu, silaha hakuna.

Mwigo wa namna hii ulielezwa kisayansi mwaka 1862 na Mwingereza Henry Walter Bates, ambaye alikaa Amazon miaka 11 akikusanya wadudu. Aliona kwamba kipepeo anayelika vizuri anaweza kunusurika kwa kufanana na kipepeo mwenye ladha mbaya. Ndege akishaonja yule mbaya wa kweli, anawaacha wote wawili. Shika kanuni hiyo, tutairudia.

Spishi yetu inaitwa Dideopsis aegrota. Jina hilo la pili lilitolewa mwaka 1805 na Johan Christian Fabricius, Mdenmarki aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Linnaeus. Neno aegrota kwa Kilatini ni "mgonjwa", ingawa mdudu mwenyewe ni mzima wa afya. Utamtambua kwa tumbo jeusi lenye alama za njano, na kwa ukanda mpana wa kahawia iliyokolea unaokata kila bawa katikati. Eneo lake ni kubwa mno: kuanzia India na Nepal, kupitia kusini-mashariki mwa Asia, hadi Australia. Hilo nalo lishike.

Mhusika wa pili ni okidi iitwayo Paphiopedilum rothschildianum. Ilitangazwa kisayansi mwaka 1888 na Mjerumani Heinrich Gustav Reichenbach, ikapewa jina la tajiri Ferdinand de Rothschild. Tofauti na nzi wetu msafiri, okidi hii ikiwa porini inapatikana Kinabalu peke yake, katika sehemu chache, hasa kati ya mita 500 na 1,200 juu ya usawa wa bahari. Udongo wa pale unatokana na miamba yenye magnesiamu na nikeli nyingi na rutuba kidogo, udongo ambao mimea mingi haiuwezi. Ua lake moja linaweza kufikia upana wa sentimita 30. Petali mbili ndefu zenye mistari na madoadoa zimenyooshwa kushoto na kulia, kama mikono ya mtu anayepimwa nguo kwa fundi.

MAMA ANATAFUTA NINI?

Nzi-maua aliyekomaa anaishi kwa mbochi, lakini mabuu wa spishi nyingi, Dideopsis akiwemo, ni wala nyama. Chakula chao ni vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaokaa kwa makundi kwenye machipukizi wakifyonza utomvu. Geuza jani la kunde au la sukuma wiki lililojikunja na utawaona. Wakulima wengine huwaita wadudu mafuta. Buu mmoja wa nzi-maua anaweza kumaliza mamia ya vidukari kabla ya kuwa bundo. Huko India, Dideopsis aegrota ametajwa miongoni mwa wadudu wanaowala vidukari wenye nta nyeupe kama sufu wanaoshambulia miwa. Kwa lugha ya shambani, huyu ni rafiki wa mkulima.

Lakini buu huyo hana miguu, na hana macho ya kutafutia shamba jipya. Akianguliwa mahali pasipo na vidukari, hawezi kufika mbali. Kwa hiyo uamuzi wote upo kwa mama, na anaufanya mara moja tu kwa kila yai.

Mama anaamuaje? Hawezi kukaa kwenye kila chipukizi akihesabu vidukari mmoja mmoja. Ana siku chache za kuishi, msitu ni mkubwa, na ndege wanamwinda. Anachofanya ni kutumia dalili: vijidonge vilivyosongamana kwenye sehemu laini ya mmea, rangi fulani, harufu fulani, na ule umajimaji mtamu ambao vidukari huutoa. Dalili zikitosha, anataga.

Kila kiumbe anayeamua haraka huishi kwa dalili. Na popote penye dalili, kuna nafasi ya mtu kuigiza dalili.

MTEGO ULIVYOJENGWA

Katikati ya ua la okidi yetu kuna kiungo kinachoitwa stameni tasa. Stameni za kawaida hutoa chavua, hii haitoi. Imegeuka ikawa kama ngao ndogo inayojitokeza mbele ya ua, yenye vinyweleo. Mtafiti John Atwood, aliyechunguza uchavushaji wa okidi hii na kuchapisha matokeo yake mwaka 1985, alikuta mayai ya Dideopsis aegrota yametagwa kwenye ngao hiyo, tena kwa makumi. Ufafanuzi wake ni kwamba kwa nzi jike, ngao ile inaonekana kama kundi la vidukari.

Chini ya ngao kuna petali ya tatu iliyokunjwa ikawa mfuko, mfano wa ncha ya kiatu. Hapo ndipo kazi inapofanyika, na mpangilio wake ni huu:

1. Jike anatua kwenye ngao, au anaizunguka akijaribu kutua.
2. Katika pilikapilika hizo anateleza na kutumbukia mfukoni.
3. Kuta za ndani ya mfuko zinateleza, na nafasi ni finyu mno kwa mabawa. Alikoingilia hawezi kutokea.
4. Upande wa nyuma wa mfuko kuna vinyweleo vinavyomfaa kama ngazi. Akivifuata anapita kwanza chini ya stigma, yaani sehemu ya ua inayopokea chavua.
5. Mbele kidogo kuna vijitundu viwili vya kutokea, kimoja kushoto na kingine kulia, na kila kimoja kina mfuko wa chavua. Akijikamua kutoka, chavua inayonata kama gundi inapakwa mgongoni mwake.

Angalia vizuri hatua ya nne na ya tano. Stigma inatangulia, chavua inafuata. Maana yake ni kwamba nzi akipita mara ya kwanza anatoka na chavua, lakini ua halijapata chochote. Ili mbegu zipatikane, nzi huyohuyo aliyetoka kwenye msukosuko wa mfuko aruke, akutane na ua lingine la okidi ileile, adanganyike tena, atumbukie tena. Safari hii chavua ya ua la kwanza inabaki kwenye stigma ya ua la pili.

Kwa hiyo okidi hii haihitaji nzi anayedanganyika mara moja. Inahitaji nzi anayedanganyika mara mbili. Hapo swali letu linakuwa gumu zaidi.

KWA NINI HAJIFUNZI?

Jibu la haraka ni kwamba nzi ni mjinga. Ni jibu la uvivu, kwa sababu nzi huyohuyo "mjinga" amefanikiwa kuenea kutoka India hadi Australia. Tufanye hesabu kidogo. Namba zifuatazo ni za mfano tu, za ubaoni, ili tuone mantiki.

Tuseme katika maisha yake jike anakutana na dalili za vidukari mara 100. Kati ya hizo, 98 ni vidukari wa kweli na 2 ni okidi. Kila akitaga penye vidukari anapata pointi moja. Kila akitaga kwenye ua anapoteza pointi moja, kwa sababu mayai, muda na nguvu vimepotea.

Jike wa kwanza, tumwite Mwaminifu, anaamini kila dalili. Anapata 98, anapoteza 2, anabaki na 96.

Jike wa pili, tumwite Mkali, hadanganyiki na ua hata mara moja. Lakini ukali una gharama. Ili asikosee kwenye zile 2, inabidi azitilie shaka zote, na katika kushuku huko anaacha pia dalili 20 za kweli. Anapata 78, hapotezi kitu, anabaki na 78.

Mwaminifu kashinda, na tofauti si ndogo. Watoto wake ni wengi zaidi, na tabia yake ya kuamini ndiyo inayorithiwa. Kumbe kosa la nzi wetu ni bei anayolipa kwa kanuni ambayo mara nyingi inamfaa.

Waliosoma takwimu wameshaona hili: ni kosa la aina ya kwanza na kosa la aina ya pili. Ukipunguza hatari ya kukubali kisicho kweli, unaongeza hatari ya kukataa kilicho kweli. Kwa dalili zilezile huwezi kubana pande zote mbili kwa pamoja. Unachagua kosa lipi linakuumiza kidogo.

Sasa geuza namba. Tuseme okidi zimeongezeka mpaka dalili 50 ni za vidukari na 50 ni za maua. Mwaminifu anapata 50 na kupoteza 50, anabaki na sifuri. Mkali anaacha sehemu ileile ya dalili za kweli, yaani moja ya tano, ambayo ni 10. Anabaki na 40. Safari hii Mkali ndiye mshindi, na baada ya vizazi kadhaa msitu utajaa nzi wanaokataa kutua kwenye ua. Okidi nayo haitapata mchavushaji.

Hapa ndipo kiini cha somo. Uongo wa okidi unafanya kazi kwa sharti moja: uwe mchache kuliko ukweli unaouiga. Ua linakula akiba ya imani ambayo vidukari wa kweli ndio waliiweka. Likila kupita kiasi, akiba inakwisha.

Mambo haya hatuna haja ya kwenda Borneo kuyaelewa. Ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unaishi kwa kanuni ileile. Unanasa watu kwa sababu kila siku ndugu na marafiki hutumiana pesa kweli kwa simu, na mara nyingine namba hubadilika kweli. Siku nusu ya jumbe zote za pesa zikiwa za matapeli, hakuna atakayetuma hata mia bila kupiga simu kwanza. Tapeli anahitaji waaminifu wawe wengi kuliko yeye.

Na sasa rudi kwa Bates. Nzi-maua mwenyewe, na mistari yake ya njano, anawadanganya ndege kwa sharti hilohilo: nyigu wa kweli wawepo wa kutosha kuwafundisha ndege adabu. Kwa hiyo Kinabalu tunamkuta mwigizaji aliyenaswa na mwigizaji mwenzake. Tapeli katapeliwa.

Kuna jambo la pili linalomlinda ua, na ndiyo maana nilisema ulishike suala la eneo. Okidi ipo kwenye vipande vichache vya mlima mmoja. Nzi yupo nusu ya Asia. Dideopsis walio wengi wanazaliwa, wanataga na kufa bila kuliona ua hilo hata siku moja. Hasara inayotokea kwenye miteremko ya Kinabalu, kwa spishi nzima, ni tone baharini. Shinikizo la kumfanya nzi abadilike ni dogo sana.

TUNAJUAJE?

Mwanachuo asiyeuliza swali hili atameza chochote, kwa hiyo tulisimamie. Katika habari hii kuna mambo yaliyoonekana na mambo yaliyofasiriwa, na ni vizuri kuyatenganisha.

Yaliyoonekana: mayai ya nzi-maua juu ya stameni tasa, mahali pasipo na vidukari. Umbo la ua linalomlazimisha mdudu kupita kwenye stigma kisha kwenye chavua. Hayo ni ushahidi wa kushikika.

Yaliyofasiriwa: kwamba nzi anaiona ngao kama kundi la vidukari. Ni tafsiri yenye nguvu, maana jike wa nzi huyu hutaga penye vidukari, na hapa ametaga. Ila sisi tunatazama ngao ile kwa macho ya binadamu. Wadudu wengi wanaona hata mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni, na wanasikia harufu ambazo pua zetu hazizipati. Inawezekana kinachomvuta ni umbo, inawezekana ni rangi, inawezekana ni harufu, au vyote kwa pamoja. Kutofautisha kunahitaji majaribio.

Majaribio ya aina hiyo yamefanyika kwa okidi nyingine. Huko China, watafiti waliochunguza okidi ya jenasi hiyohiyo, Paphiopedilum barbigerum, walikuta nayo inachavushwa na nzi-maua, lakini chambo ni kingine. Nzi-maua huzaliwa na mvuto wa rangi ya njano, rangi inayoashiria chavua, na stameni tasa ya okidi hiyo ni ya njano. Pale mdudu anaahidiwa chakula chake mwenyewe, wala si cha watoto. Kwa hiyo hata ndani ya jenasi moja uongo hauna sura moja.

Mfano mwingine unatusogeza karibu na kwetu. Nchini Israel, watafiti walichunguza okidi Epipactis veratrifolia, wakapima kemikali za harufu yake. Walikuta ua linatoa kemikali zilezile ambazo vidukari huzitoa wakishambuliwa, ambazo ni kama kengele ya hatari kwa wenzao. Nzi-maua jike akinusa kengele hiyo anajua kuna vidukari, anakuja, anataga, na katika kuhangaika anabeba chavua. Nzi wenyewe wanaitwa Ischiodon aegyptius, na hao wameenea Afrika, Afrika Mashariki ikiwemo. Yaani spishi inayonaswa na harufu ya ua kule ndiyo hiyohiyo inayotulia vidukari kwenye mboga zetu huku. Okidi hiyo ya Israel ina huruma kidogo, kwani humpa mgeni wake mbochi japo haba. Ile ya Kinabalu haitoi kitu.

NANI ANAMHITAJI NANI?

Mpaka hapa unaweza kumwonea nzi huruma na kuliona ua ndilo lenye nguvu. Tazama upya. Dideopsis anaweza kuishi vizuri kabisa bila okidi, na sehemu kubwa ya Asia anaishi hivyo. Okidi, porini, haiwezi kuzaa mbegu bila kupata mdudu wa kumdanganya. Mdanganywa hamhitaji mdanganyifu. Mdanganyifu ndiye mtegemezi.

Okidi hii imo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kabisa kutoweka. Jenasi yake yote imewekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, maana yake biashara ya kimataifa ya mimea iliyong'olewa porini hairuhusiwi. Hifadhi ya Kinabalu ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 2000 ikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Adui mkubwa wa okidi hii amekuwa mpenzi wake: mkusanyaji. Mwishoni mwa karne ya 19 ushindani wa wafanyabiashara wa okidi wa Ulaya ulikuwa mkali kiasi kwamba asili ya mmea huu ilifichwa, ikasemwa unatoka New Guinea, ili washindani wapotee njia. Hata sisi binadamu tuliongeza uongo wetu juu ya ule wa ua.

Leo okidi hii inaoteshwa kwa mbegu katika vitalu vya nchi mbalimbali. Ni jambo jema, kwa sababu anayeitaka anaweza kununua ya kitaluni na kuiacha ya mlimani. Lakini tusijidanganye kwamba hapo tumemaliza kazi. Kitaluni, kazi ya nzi inafanywa na mtu mwenye kijiti cha kuhamishia chavua. Ngao bado inaigiza vidukari, ila hakuna wa kuiangalia. Tumehifadhi mmea, tukauacha nyuma uhusiano ulioufanya mmea uwe hivyo ulivyo.

Ukitaka kuhifadhi uhusiano, orodha inakuwa ndefu. Ua linamtaka nzi. Nzi jike anataka mbochi na chavua za maua mengine, yaliyo mkweli. Watoto wake wanataka vidukari. Vidukari wanataka machipukizi laini, na machipukizi yanataka msitu wenye afya. Sijawahi kuona bango la kampeni lenye picha ya kidukari. Hata hivyo, kwa mantiki tuliyoifuata, huwezi kuilinda okidi ya Kinabalu bila kuwalinda vidukari wake.

Na rudia ile hesabu ya ubaoni. Msitu ukiharibika vidukari wakapungua, mambo mawili yanaweza kutokea. Nzi wanapungua, ua linakosa mgeni. Au nzi wachache waliobaki wanajikuta katika mazingira ambamo sehemu kubwa ya dalili ni za uongo, na wanaoshuku ndio wanaofaulu. Kwa njia zote mbili anayeumia mwishoni ni ua. Kama kuna kiumbe mwenye maslahi makubwa katika wingi wa vidukari wa kweli, baada ya nzi mwenyewe, basi ni okidi inayowaigiza.

ZOEZI LA NUSU SAA

Huna nauli ya kwenda Sabah, sawa. Bumu halijatoka, sawa. Lakini nusu ya hadithi hii ipo kwenye bustani yoyote ya mboga karibu na hosteli. Tafuta mmea wenye vidukari, kaa pembeni asubuhi jua likishapata joto kidogo, usiusumbue.

Mdudu wa njano na nyeusi akifika, hesabu mabawa. Nyigu ana mawili kila upande, nzi-maua ana moja kila upande. Tazama vipapasio: vya nzi-maua wengi ni vifupi mno, vya nyigu ni virefu. Tazama macho: kwa madume wengi wa nzi-maua macho mawili yanakutana juu ya kichwa, kwa majike yana nafasi katikati. Ukimwona jike akigusisha ncha ya tumbo kwenye jani, sogea taratibu akishaondoka. Utakuta yai jeupe, refu kidogo, dogo kuliko punje ya mchele, karibu kabisa na vidukari. Rudi baada ya siku chache. Buu ni mwembamba mbele, mnene nyuma, hana miguu, na kama una bahati utamkuta amemwinua kidukari juu akimfyonza.

Andika ulichokiona kwanza, kisha unachodhani kimetokea, kwa mafungu mawili tofauti. Tabia hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha maelezo ya uwandani na porojo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ungefanya jaribio gani Kinabalu kujua kama kinachomvuta Dideopsis ni umbo, rangi au harufu ya stameni tasa? Kumbuka mmea uko hatarini kutoweka, kwa hiyo huruhusiwi kuharibu maua.
2. Katika hesabu ya Mwaminifu na Mkali, badilisha hasara ya kutaga kwenye ua iwe pointi 5 badala ya 1. Dalili za uongo zikifika ngapi kati ya 100 ndipo Mkali, ambaye siku zote anaacha moja ya tano ya dalili za kweli, anaanza kushinda?
3. Mkulima anapopulizia bustani dawa inayoua vidukari na nzi-maua kwa pamoja, kundi lipi litarudi kwanza, na kwa nini? Fikiria nani anakula nini.
4. Taja dalili moja ambayo wewe mwenyewe unaiamini kila siku bila kuihakiki, iwe muhuri, sare ya kazi au namba ya simu. Nani amelipia uaminifu wake, na waigizaji wangapi inaweza kuwabeba kabla haijapoteza thamani?